Kabla Hujagusa: Misingi ya Uchunguzi wa Uhalifu wa Kidijitali

Mnamo Septemba 13, 2019, wapelelezi waliutoa mwili wa Tob Cohen, mfanyabiashara Mholanzi, kwenye tangi la chini ya ardhi ndani ya boma lake mtaani Kitisuru, Nairobi. Alikuwa ametoweka Julai. Kesi ya mauaji yake imezunguka mahakamani kwa miaka, na makala haya hayana nia ya kuihukumu. Linalonishughulisha ni muda. Tangu atoweke hadi apatikane zilipita takriban wiki nane, na katika nyumba yoyote ya mtaa huo, wiki nane zinatosha ushahidi wa kidijitali kupotea bila mkono wa mtu kuufuta.

Chukua kisanduku cha kurekodia picha za kamera, kile mafundi wanachokiita DVR. Ndani yake mna diski, na diski ina kikomo. Ikijaa, mtambo haumuulizi mtu. Huanza kuandika picha za leo juu ya zile za zamani. Kamera nne zikirekodi usiku na mchana kwenye diski ya terabaiti moja, picha hudumu wiki mbili au tatu hivi, kutegemea ubora wake. Mwenye nyumba akija kuzitafuta mwezi wa pili, hazipo.

Ndiyo maana anayefunzwa kazi hii huzoezwa kujiuliza kwanza: kipi kitapotea mapema zaidi? Mwongozo wa wahandisi wa intaneti uitwao RFC 3227, wa mwaka 2002, umeupanga ushahidi kwa namna hiyo. Hutangulia vilivyo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambavyo hutoweka umeme ukikatika. Kisha huja diski, na baadaye nakala zilizowekwa mbali. Simu nayo ina tabia yake. Iliyowashwa na kufunguliwa kwa nambari ya siri angalau mara moja hubaki na funguo za kusomea data zake. Ukiizima, funguo hizo huondoka, na huenda hata maabara kubwa isiweze kuisoma tena. Kwa hiyo mtaalamu akiikuta simu inawaka huiacha iwake, lakini huikatia mtandao upesi, maana mwenyewe anaweza kuifuta akiwa mbali.

Baada ya kuokoa, kunakili. Mchunguzi hafanyi kazi kwenye diski yenyewe. Huiunganisha kupitia kifaa kinachozuia kuandika chochote juu yake, akatoa nakala kamili, biti kwa biti, halafu akaipiga nakala hiyo hesabu iitwayo heshi. Hesabu inayotumika sana ni SHA-256, nayo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, faili iwe ndogo au kubwa. Ijaribu kwa herufi moja tu. Heshi ya "a" ndogo huanza na ca978112. Ya "A" kubwa huanza na 559aead0. Herufi ni ile ile, imebadilika ukubwa tu, na majibu hayakaribiani hata kidogo. Mtu akibadilisha sekunde moja ya video yenye saa nzima, heshi itamfichua. Wakili wa upande wa pili anaweza kuipiga upya miaka mitano baadaye, na ikilingana, hoja ya kwamba faili imechezewa tangu siku ile inakufa hapo hapo.

Jambo la tatu hudharauliwa sana, nalo ni saa. Shahidi anasema aliona gari saa mbili usiku. Kamera inaandika 20:00. Seva ya huduma ya mtandaoni, inayohesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, inaandika 17:00. Wote watatu wanasema kweli, kwa sababu Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, na Mswahili huanza kuhesabu usiku jua linapotua. Asiyelijua hilo atasoma 17:00 kama saa kumi na moja jioni, na mtu asiye na hatia atajikuta amewekwa mahali ambapo hakuwapo. Zaidi ya hapo, saa ya DVR yenyewe mara nyingi huwa na kosa, hasa betri yake ndogo ikiisha na stima ikapotea. Dawa yake haina gharama: weka simu yenye saa ya mtandao kando ya skrini ya DVR, zipige picha kwa pamoja, kisha andika tofauti. Usiirekebishe saa ya kamera.

Na kilichofutwa? Kwenye diski za kawaida, kufuta faili ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kuacha sura za kitabu mahali pake. Muuaji Dennis Rader wa Wichita, Marekani, alinaswa Februari 2005 baada ya kupeleka diski laini kwenye kituo cha televisheni. Polisi walikuta humo hati iliyofutwa yenye jina Dennis na la kanisa lake. Tusijidanganye hata hivyo: simu za siku hizi na diski za kisasa za SSD hufagia nafasi zilizoachwa wazi, na kinachofutwa humo mara nyingi hakirudi.

Hata kufuta kwenyewe huacha alama. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alifia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi katikati ya Nairobi. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliiambia Seneti kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umevurugwa. Tazama jinsi ilivyo: picha zilitakiwa zipotee, na kule kupotezwa kwake kukawa sehemu ya uchunguzi. Diski ikifomatiwa, siku na saa ya tendo hilo huweza kubaki kwenye kumbukumbu za mtambo.

Mahakamani nako kuna sharti lake: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai rekodi ya kielektroniki iandamane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Skrinishoti iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa haitimizi hayo.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Pesa au mkufu ukipotea kwenye nyumba kubwa, wa kwanza kunyang'anywa simu huwa yaya, mpishi au mtunza bustani. Simu inapekuliwa jikoni, ujumbe unafunguliwa, pengine mwingine unafutwa kwa bahati mbaya. Kuingia kwenye simu ya mtu bila idhini kunaweza kukuangusha chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, ambayo adhabu yake ni faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tena umeharibu kile ambacho kingeweza kumtia mwizi hatiani, au kumwondolea lawama mfanyakazi huyo. Mnyonge ndiye anayeuhitaji zaidi ushahidi usioguswa, kwa sababu neno lake peke yake halisikilizwi.

Kijana anayetaka kujifunza kazi hii asisubiri maabara. Programu ya Autopsy ni ya bure, na FTK Imager ya kunakili diski pia. Tia picha kumi kwenye flashi, futa tatu, toa nakala, piga heshi, kisha zitafute zile tatu. Andika kila hatua na saa yake. Wengi huruka huko kuandika, na huko ndiko kesi huanguka. Anayetaka kusonga mbele atakuta Chuo Kikuu cha Nairobi kikifundisha masomo ya kompyuta pale Chiromo. Idara ya upelelezi wa jinai, DCI, nayo ina maabara ya kitaifa ya uchunguzi kwenye makao yake, barabara ya Kiambu.

Ajiandae moyoni pia. Kazi hii huleta mbele ya macho picha za mauaji na za watoto wanaodhulumiwa. Mwaka 2024 ilibainika kupitia kesi iliyokuwa mahakamani Nairobi kwamba zaidi ya wakaguzi 140 wa maudhui ya Facebook, ambao nao hutazama picha za aina hiyo, walikuwa wamegunduliwa na daktari kuwa na maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe. Mchunguzi apangiwe zamu fupi na mshauri nasaha tangu siku ya kwanza, si baada ya kuvunjika.

Kwako msomaji, ukiibiwa au ukitapeliwa leo: usifute ujumbe wa M-Pesa, usiizime simu iliyoachwa na mshukiwa, usimwite fundi wa kamera aje "kurekebisha". Ripoti kituoni upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na uombe DVR ichukuliwe siku hiyo hiyo. Afisa anayeichukua aandike nambari ya kifaa, tarehe na saa, atie sahihi, nawe ubaki na nakala ya karatasi hiyo.