Ukanda wa Saratani ya Umio

Saratani ya umio, yaani ya ule mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, haikuenea sawasawa barani Afrika: magharibi mwa bara ni nadra, ilhali mashariki, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, imekithiri kiasi cha wataalamu kulipa eneo hilo jina la ukanda wa saratani ya umio. Hata aina yake ni tofauti na ile iliyozidi Marekani na Uingereza, inayohusishwa na unene na kiungulia cha muda mrefu. Ya Afrika Mashariki huanzia kwenye utando wa ndani wa umio, ambao hupokea kila kinacholiwa na kunywewa.

Ndiyo maana watafiti wamevigeukia vikombe vya chai. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 za sentigredi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, bila kuihukumu chai yenyewe, kwa kuwa kinachodhaniwa kudhuru ni moto unaouunguza utando huo siku baada ya siku. Vipimo vilivyofanywa Kilimanjaro vilionyesha kuwa watu huanza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi zinazopita 70, tena ya maziwa hunywewa ikiwa na moto zaidi kuliko ya rangi. Kuiacha ipoe dakika chache hakumgharimu mtu chochote, na ushauri huo unastahili kutolewa katika kila zahanati ya ukanda huu.

Hata hivyo, si haki kuitwisha chai mzigo wote. Kuna pombe za kienyeji kama chang'aa, busaa na mbege, kuna tumbaku, na kuna moshi wa kuni katika majiko yasiyo na dohani. Nao mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, umekutwa na asetaldehidi, kemikali ambayo mwili huitengeneza unapoivunja pombe. Lakini huko Bomet, Kenya, wameonekana wagonjwa wasiotimiza miaka 30, umri ambao ulevi na sigara za miaka mingi haviwezi kuueleza.

Ugonjwa wenyewe huchelewa kujitokeza. Mgonjwa huona ugali unakwama, akahamia kwenye uji, na anapofika hospitalini mara nyingi umio umekwisha kuziba kwa sehemu kubwa, hivyo madaktari humwekea bomba la waya la kuutanua, ambalo humwezesha kumeza tena lakini halimponyi.