Mjumbe Arudipo Masoko

Ndugu msomaji, habari za mikutano mikuu ya chama umezisoma mara nyingi: nani alifungua, nani alichaguliwa, azimio gani lilipitishwa. Ni nadra kusoma habari za yule aliyeketi safu ya nyuma, kadi yake mfukoni, ambaye siku ya pili yu nyumbani akiulizwa na majirani, "Umetuletea nini?" Leo na tumtazame huyo.

Chukua mfano wa Masoko, kusini-mashariki ya Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako ziwa dogo limejaa katika kasoko ya volkano iliyozimika zamani. Wakazi ni wakulima wa ndizi, maharage, kahawa na chai, na mvua ya huko haijui likizo. Mwanachama aliyechaguliwa na wenzake wa tawi kwenda mkutanoni Tukuyu huondoka alfajiri, pengine viatu ameshika mkononi mpaka atoke kwenye matope. Ametumwa mambo mawili: bei ya majani mabichi ya chai, na daraja la miti lililochukuliwa na mto. Nyuma ameacha ng'ombe wa kukatiwa majani na shamba lisilongoja mtu. Nani atazifanya kazi hizo? Mke na watoto. Sisi twaandika kwamba mjumbe "alihudhuria", kana kwamba alihudhuria peke yake, ilhali nyumba nzima imeilipia safari yake kwa jasho.

Wala Mnyakyusa hahitaji kufundishwa kuzungumza mkutanoni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya rika, ambamo watu wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja. Alilisisitiza sana neno la Kinyakyusa "ukwangala", yaani ile raha ya kukaa na wenzako na kuzungumza nao kwa usawa. Mtu aliyelelewa na wazee wa desturi hiyo hana budi kukereka akikuta ajenda zinasomwa mbio na mikono imekwisha kuinuliwa kabla swali halijaulizwa. Naam, mikutano ya namna hiyo ipo, na sisi waandishi tumeiketi mpaka mwisho na kuandika kwamba ilifana.

Lakini uko mkutano mmoja ambao hakuna awezaye kusema wajumbe wake waliitikia tu. Ni mkutano mkuu wa mwaka wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Tena haki ya kupiga kura haikuwa ya kila mtu. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe umeshika wadhifa fulani uliotajwa katika sheria. Wajumbe wengi walifika Tabora wamekwisha kukata shauri kuususia. Mwalimu Nyerere alisimama akawasihi washiriki, kwa hoja kwamba kususa kungewaachia wengine viti vya Baraza la Kutunga Sheria. Majadiliano yalikuwa makali. Mwisho mkutano ukaamua kushiriki, na uamuzi huo umejulikana tangu hapo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika: Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, African National Congress.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, habari ile ilivyofika kwa wakulima wa Rungwe. Reli ya TAZARA haikuwapo. Ilikuja kukamilika miaka ya 1970. Aliyetoka Tabora kwenda pande hizi alishuka njiani kwenye Reli ya Kati, kisha akashika njia ndefu ya vumbi na matope mpaka Mbeya, ndipo Tukuyu. Na mwisho wa njia hiyo ilikuwapo kazi nzito kuliko safari: kuwaambia watu waliotaka kususa kwamba chama chao kitaingia katika uchaguzi ambao wengi wao hawana hata ruhusa ya kupiga kura. Neno hilo halisemwi kwa kupiga makofi. Lilitaka mtu aliyekuwamo ndani, aliyesikia hoja za pande zote mbili, awezaye kueleza kwa nini wenzake walibadili mawazo.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. TANU na ASP zikaungana tarehe 5 Februari 1977 kuzaa CCM, na tangu 1992 vyama ni vingi.

Mjumbe wetu wa Masoko, yeye hana uamuzi wa kihistoria mkobani. Ana daftari lililolowa, na mkate wa watoto alionunua Tukuyu. Majirani wameketi tayari, ndizi zi motoni. Atakapomaliza kueleza hotuba ya mgeni rasmi, mkewe, aliyekata majani ya ng'ombe siku zote hizo, atauliza swali moja tu: "Lile la daraja, ulilisema au ulinyamaza?"