Kituo kizuri cha afya tukitambue kwa lipi?

Ukipita komuni za Kenya, Katuba au Kampemba, hapa Lubumbashi, vibao vya vituo vya afya vimejaa kila barabara. Kimoja kimepakwa rangi mpya, kingine kina jenereta mlangoni, kingine kinatangaza ekografia kwa bei nafuu. Mama mwenye uchungu, au baba aliyebeba mtoto mwenye homa, huchagua kwa bei, kwa umbali na kwa maneno ya jirani. Hakuna kibao kinachomwambia kituo hicho kilikaguliwa lini na mkaguzi alikuta nini.

Ukaguzi upo. Jiji lina zoni 11 za afya, na kila zoni ina mganga mkuu na wasimamizi ambao kazi yao ni kutembelea vituo. Juu yao iko Divisheni ya Afya ya jimbo la Haut-Katanga, na pembeni yake wakaguzi wa afya wa jimbo. Muuguzi mkuu wa kituo, titulere wetu, huandika kila mwezi ripoti ya waliotibiwa, waliojifungua na waliofariki. Karatasi hizo zinakwenda juu. Hazirudi kwa mgonjwa.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alipendekeza huduma ipimwe kwa mambo matatu: vifaa na watu waliopo, kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa. Sisi tumezoea kuishia kwenye la kwanza. Tunaona vitanda na mashine, tunaridhika.

La pili ndilo linaloua au kuokoa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 8.6 kwa mwaka vingeweza kuepukwa kwa matibabu. Milioni 3.6 walikuwa watu ambao huduma haikuwafikia. Milioni 5 walifika, wakahudumiwa vibaya. Tunawahimiza watu kila siku wawahi hospitali. Nani anawaambia wakifika wadai nini?

Chukua partogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Muuguzi anaandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, shinikizo la damu la mama kila baada ya saa nne, na anachora mstari wa jinsi njia inavyofunguka. Uchungu ukishapamba moto na njia ikachelewa kufunguka, ni wakati wa kufikiria kumpeleka mama hospitali kuu. Karatasi hiyo ikijazwa saa kwa saa, inaokoa. Ikijazwa asubuhi, mtoto ameshazaliwa, kwa kalamu moja na mkono mmoja usiotetereka, haimsaidii mtu, hata kama faili linaonekana limekamilika. Mkaguzi anayehesabu karatasi tu ataondoka ameridhika. Mkaguzi anayejua kazi ataomba aoneshwe ya mama aliye kitandani sasa hivi.

Na wewe jamaa wa mgonjwa unayo macho. Je, mtoto amepimwa uzito kabla ya kuandikiwa dawa? Dozi ya mtoto inahesabiwa kwa kilo, haikisiwi. Je, kabla ya kuambiwa ni malaria, amechomwa kidole na kupimwa? Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kipimo kitangulie dawa. Maji ya REGIDESO yakikatika, kuna ndoo yenye bomba na sabuni pale muuguzi anapofanyia kazi? Umeme wa SNEL ukikatika, vyombo vya kuzalishia vinachemshwa kwa kutumia nini? Tazama hata sanduku la sindano zilizotumika: linapaswa kufungwa likijaa robo tatu. Ukikuta sindano zimechomoza juu, usalama umeachwa hapo.

Kuhesabu wagonjwa peke yake hakutoshi, na ushahidi uko hapa kwetu. Kati ya 2010 na 2012 watafiti Elise Huillery na Juliette Seban walifuatilia jaribio katika Haut-Katanga: vituo vingine vililipwa kulingana na wingi wa huduma, vingine kiasi kisichobadilika. Waliolipwa kwa wingi walijitahidi zaidi kuwavuta watu, lakini wagonjwa hawakuongezeka, na fedha zilipokoma ari yao ilikuwa imeshuka kuliko ya wenzao.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamejaribu njia nyingine. Tanzania ilianza kuvipa vituo nyota, kutoka sifuri hadi tano. Katika tathmini ya 2015/16 karibu theluthi moja havikupata hata moja, na vilipopimwa tena 2017/18 vya sifuri vilikuwa vimebaki vichache. Nchi ya Kenya, katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, ilipeleka wakaguzi wenye orodha moja ya serikali, wakirudi tena na kuvifunga visivyo na leseni. Usalama wa wagonjwa ulipanda bila bei kupanda.

Heshima nayo ipimwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza jinsi akina mama na watoto wao wachanga walivyozuiliwa katika hospitali kubwa hapa Lubumbashi kwa sababu ya deni. Hakuna orodha ya ukaguzi iliyokamilika bila kuuliza kama kuna mgonjwa aliyezuiliwa kwa deni.

Wakuu wa afya wa jimbo, bandikeni mlangoni pa kila kituo tarehe ya ukaguzi wa mwisho na kasoro zilizopatikana, kwa Kiswahili. Nawe msomaji, kabla ya siku ya kujifungua au ya homa kufika, nenda kwa titulere wa mtaani kwako umuulize: mara ya mwisho mlikaguliwa lini, na mmerekebisha nini?