Udenguzi na Jina la Mungu: Kubomoa au Kufungua?

Wanafunzi wengi wa nadharia za fasihi wakisikia neno udenguzi hudhani maana yake ni kubomoa. Neno hilo linapoingia katika falsafa ya dini, hofu huongezeka: mwanafunzi muumini huona kama anatakiwa kuibomoa imani yake ili afaulu mtihani. Katika makala haya tunaeleza kwa nini sivyo.

Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1930 na kufariki mwaka 2004, alilieleza jambo hili kama suala la tafsiri. Mwaka 1983 alimwandikia barua Toshihiko Izutsu, Mjapani aliyebobea katika falsafa ya Kiislamu, kuhusu namna ya kulitafsiri neno hilo kwa Kijapani. Alisema kuwa yeye mwenyewe alilipata alipokuwa akitafuta Kifaransa cha istilahi za Martin Heidegger, akakwepa neno lenye maana ya uharibifu. Katika kamusi ya Littré alikuta kitenzi chenye maana ya kufungua mashine vipandevipande ili isafirishwe, na pia kuondoa mizani ya shairi likafanana na nathari.

Hapo sisi walimu wa lugha tuko nyumbani. Shairi lililogeuzwa nathari halijafutwa. Linatuonyesha lilivyoundwa, na mzigo uliokuwa umebebwa na mizani.

Wanateolojia wa Marekani waliupokea udenguzi kwa njia tofauti. Mark C. Taylor, katika kitabu chake Erring cha mwaka 1984, aliuhusisha na fikra ya kifo cha Mungu. John D. Caputo, katika vitabu vyake vya mwaka 1997 na 2006, alitenganisha jina la Mungu na kile kinachotuita kupitia jina hilo. Kwake, hakuna tamko la mwanadamu linaloweza kukimaliza kile kinachotuita; kudengua ni kulizuia jina lisigeuke sanamu.

Muumini anaweza kumkataa hata Caputo, hasa anaposema kuwa Mungu huita tu wala hatendi kwa nguvu. Hiyo ni haki yake, mradi ajue anachokikataa. Kwa hiyo tunawashauri walimu wasianze kipindi kwa kuuliza kama Mungu yupo. Waanze na swali la lugha: tunapolitamka jina hili, tumelifanya libebe nini, na limeacha nini nje?