Fahamu: Kwa nini abiria wa Dar wanapenda usafiri wa kwenye simu

Zamani kidogo, kupanda teksi Dar es Salaam kulianza na mabishano. Dereva anataja elfu kumi na tano, wewe unasema nane, mnakutana katikati, kila mmoja akijiona kapunjwa. Programu ya simu ya Uber ilipoanza jijini mwaka 2016, kilichowavuta wengi ni hicho: bei unaiona kabla hujapanda. Baadaye bajaji na bodaboda nazo zikaingia kwenye programu, na hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida alipopata nafasi.

Programu hupima umbali, muda na wingi wa wateja. Ndiyo maana mvua ikinyesha, nauli nayo hupaa. Kampuni hukata kamisheni kwa dereva, na hapo ndipo penye vita. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa asilimia 15. Uber ikasitisha huduma mwezi Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25.

Kwa hiyo dereva akikupigia na kuuliza, "Bosi, unaelekea wapi? Keshi au kadi?" anapiga hesabu ya kitakachombakia baada ya kamisheni. Nawe, kwa usalama wako, kabla hujapanda linganisha namba ya gari na ile unayoiona kwenye simu.