Joto la usiku si malaria kila mara

Wengi wetu akina mama tunapofika kati ya miaka 45 na 55, damu ya mwezi inakoma. Usiku joto linapanda ghafla, jasho linalowesha shuka, usingizi unapotea. Tunameza dawa ya malaria bila kupimwa, ao tunanyamaza kwa haya.

Matibabu yapo. Moja ni plasta ya homoni. Inafanana na sparadra, inabandikwa chini ya kitovu ao kwenye tako, kamwe si kwenye ziwa. Estrojeni inapita polepole katika ngozi mpaka kwenye damu. Plasta nyingi zinabadilishwa mara mbili kwa juma. Hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko kwa vidonge vya estrojeni.

Lakini tusibandike kwa shauri la jirani. Mwenye kizazi anahitaji pia projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake inaweza kuleta kansa ya kizazi. Aliyepata kansa ya ziwa amwambie munganga kwanza. Kwa kawaida plasta hii haimfai. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima, tusingoje: twende tupimwe.

Tuliongee jambo hili katika vikundi vyetu, tusindikizane kwenye kituo cha afya, tuulize kama plasta inapatikana na bei yake.