Tusikubali tena "forfe": namna ya kuhesabu bei ya umeme na maji katika jengo letu

Sisi wachimbaji wa Kalehe, mbele ya mizani hatudanganywi kirahisi. Huko Nyabibwe ao Numbi, negosia akisema mfuko uko na kilo 50, tunamwambia auweke kwanza juu ya mizani, tuone wenyewe. Lakini entreprenere akituletea devi ya jengo, tunaangalia tu jumla pale chini, tunatia sahihi. Njo pale franga zetu zinapotea.

Tuliona hiyo kwa macho yetu. Tulichanga kujenga kituo cha afya, kila mtu akitoa kidogo juu ya kilo zake. Devi ilikuwa na kurasa tatu. Mawe, matofali, simenti, mabati, vyote viliandikwa kwa hesabu. Lakini juu ya umeme na maji kulikuwa mstari mmoja tu: "Umeme na mabomba, forfe." Hatukuuliza kitu. Nyumba ikaisha, ikapakwa rangi, hotuba zikasomwa. Kisha tukaona robine zimefungwa ukutani lakini hakuna tanki, hakuna tiyo inayofika kwenye chemchemi. Choo kikaziba mwezi wa kwanza. Wamama waliokuja kuzaa walibeba bidon ya maji na tochi. Tulipomwita entreprenere, alijibu: "Forfe iliisha." Na kwa karatasi alikuwa na haki, sababu karatasi haikusema metre ngapi wala ampuli ngapi. Kitu ambacho hakikuhesabiwa, huwezi kukidai.

Tangu siku hiyo tuliamua kujifunza. Tulialika fundi wa umeme na fundi wa mabomba kutoka Bukavu, tukawalipia safari na chakula, tukakaa nao siku za Mungu mchana kisha ibada. Hawakutufundisha kufunga waya. Walitufundisha kuhesabu. Haya njo tuliyoshika.

Kwanza, pointi. Unachukua plan ya nyumba na kalamu mbili, nyekundu ya umeme, ya bleu ya maji. Kila ampuli, kila enterupteri, kila prize ni pointi moja. Vilevile kila robine, kila lavabo, kila choo. Nyumba yetu ya mfano, vyumba vinne na koridori, ilitoa ampuli 10, enterupteri 6 na prize 8: pointi 24 za umeme.

Pili, metre. Waya hairuki kama ndege. Inapanda kutoka kisanduku cha umeme mpaka dari, inafuata ukuta, inashuka tena mpaka kwenye enterupteri. Sisi tulipima chini tu, na mara ya kwanza tulikosa metre mingi. Tena, katika njia moja hamupiti waya moja. Prize inataka tatu, pamoja na ile ya udongo. Kwa hiyo njia ya metre 20 inakula waya metre 60. Ongeza 10 kwa mia ya kukatakata. Na kama waya inauzwa kwa rulo ya metre 100, ukihitaji 130 utanunua rulo mbili. Devi iseme pia unene: milimetre mraba 1,5 kwa ampuli, 2,5 kwa prize. Ikiandika "waya" peke yake, irudishe.

Tatu, maji. Hapa vitu vidogo njo vinakula franga: kude, te, vane, gundi. Vihesabiwe kimoja kimoja. Tiyo ya choo inataka kuteremka kama santimetre 2 kwa kila metre. Kama fose iko mbali metre 15, mwisho wa tiyo uko chini santimetre 30 kuliko mwanzo, basi kuna kuchimba, na kuchimba kuna bei. Hiyo sisi hatuhitaji kufundishwa. Ya kwetu ililazwa karibu sawasawa, njo maana iliziba. Tena, litre 1000 za maji ni uzito wa tone moja. Kama devi inaonyesha tanki lakini haionyeshi kitu kitakachobeba tanki, kuna kitu kinafichwa.

Nne, mitambo: pompe, jenereta, sola. Kule ambako nguzo za umeme hazijafika, usianze kwa kuuliza bei ya sola. Anza kwa kuuliza kazi yake. Ampuli 10 za wati 9, zikiwaka saa tano, zinakula wati-saa 450 kila usiku. Frigo ya chanjo ihesabiwe mbali, isipewe masalio ya ampuli. Na batri inazeeka: bei ya kuibadilisha iwekwe tangu mwanzo.

Tano, bei yenyewe. Uliza maduka matatu ya Bukavu, kwa vitu vya aina moja, uandike tarehe. Uliza kama TVA ya 16 kwa mia iko ndani ao bado. Kisha ongeza gari ao boti, na watu wa kupandisha mlimani. Tunajua kasiterite haina bei moja shimoni na Bukavu. Tiyo nayo ni hivyo, lakini kwa kugeuza: kadiri inavyopanda kwetu, bei inapanda nayo. Kazi ya mafundi ihesabiwe kwa pointi. Mambo ya gafula yawekwe katika mstari wake, 5 mpaka 10 kwa mia, na kinachobaki kirudi kwa kesi.

Kwa nini tunasema haya leo? Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa redevanse hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa provinsi, 15 kwa eneo la msingi kama shefferie, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shefferie za Buhavu na Buloho ni zetu, tuko na haki ya kuuliza jengo gani linajengwa na devi inasema nini. Na kisha mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi, yaliyoua watu zaidi ya 400, majengo ya kusimamisha upya ni mengi. Tusiyasimamishe bila maji.

Franga za kituo cha afya hazikurudi, tuseme ukweli. Lakini juzi devi ya madarasa mawili tuliirudisha mara tatu. Fundi alikasirika, akauliza nani kati yetu ni enjeniere. Mama anayetunza kesi yetu akamjibu: "Hakuna. Tuambie tu kude ni ngapi." Mara ya nne devi ilikuja na kurasa sita, na kude zilihesabiwa zote.